Dubwana la Tani 100 na Lori la Mjomba

Mpenzi msomaji, kabla hujafunua ukurasa mwingine kwa kudhani kwamba haya ni mambo ya watoto wa mjini walio na tarakilishi nyumbani, nakuomba uvute subira. Nimeagizwa na Chama chetu cha Kiswahili nieleze, katika toleo la mwaka huu, ule mjadala uliotuweka darasani hadi kengele ya chakula ikapigwa mara mbili, yaani mjadala wa madubwana ya chuma. Wengi waliopita dirishani walicheka. Mmoja alituuliza ati chama kimegeuka kuwa cha wachezaji wa gemu. Basi nitaanza mwanzo kabisa, ili hata yule ambaye hajawahi kugusa kibodi anifuate, na pia ajue ni kwa nini mjomba wangu, dereva wa lori la mahindi, aliniomba kalamu.

Dubwana la chuma ninalolizungumzia ni mashine yenye umbo la mtu, ndefu kama nyumba ya ghorofa, inayotembea kwa miguu miwili huku dereva ameketi kifuani au kichwani mwake. Wajapani waliyapenda madubwana haya zamani. Filamu yao ya katuni iitwayo Gundam ilianza kuonyeshwa kwenye runinga mwaka wa 1979. Mwaka wa 1984 kampuni ya FASA ya Chicago ikatoa mchezo wa mezani wa madubwana, ambao muda si mrefu ukabadilishwa jina na kuitwa BattleTech. Zingatia hilo neno, mchezo wa mezani. Ulichezwa kwa karatasi, penseli na dadu, hapana umeme. Baadaye ndipo ulipoingizwa kwenye tarakilishi kwa jina la MechWarrior, wa kwanza mwaka wa 1989 na ule wa tano, MechWarrior 5: Mercenaries, Desemba 2019.

Sasa, modi ni nini? Hapa chama kiligawanyika. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne alipendekeza tuiite "kiraka". Akapingwa kwamba kiraka hutiwa panapovuja, na modi huongezwa hata pasipovuja. Mwingine akaleta "geuzi", lakini wingi wake ni mageuzi, na mageuzi tumeyasikia kwa wanasiasa tangu kabla hatujazaliwa. Mwalimu mlezi akaamua tuseme modi, ngeli ya I-ZI, tusonge mbele.

Mchezo wa tarakilishi una sehemu mbili. Ya kwanza ni injini, yaani ile programu inayojua kuchora picha, kupima mgongano na kusikiliza vidole vyako. Ya pili ni mali, yaani picha, sauti, maumbo na majedwali ya namba: gari hili lina uzito gani, linakwenda kasi gani, rangi yake ni ipi. Kampuni ya id Software ilipotoa mchezo wa Doom mwaka wa 1993, iliiweka mali hiyo katika mafaili ya peke yake, mbali na injini. Ikawa mtu yeyote mwenye subira anaweza kuiondoa na kutia yake. Watu wakajenga vyumba vyao, maadui wao, sauti zao. Mnamo 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliugeuza mchezo wa Half-Life na kupata modi waliyoiita Counter-Strike; mwaka uliofuata kampuni ya Valve ikaitoa na kuiuza kama mchezo kamili. Kwa hiyo modi ni mali mpya, na wakati mwingine pia kanuni mpya, inayotiwa juu ya mchezo wa mtu mwingine bila kuujenga upya.

Usidhani kwamba jambo hili liko ng'ambo tu. Kuna mchezo wa simu uitwao Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na kampuni ya Maleo mwaka wa 2017, unaomruhusu mchezaji kuingiza gari lake mwenyewe na michoro yake. Vijana wa Kenya na Tanzania hawakulala. Waliyachora mabasi ya kwao na matatu za Nairobi pamoja na maandishi na taa zake zote, wakayatia humo. Ukimwona kijana kituoni Kitale ameinamia simu, labda anaendesha matatu ya Nairobi kwenye barabara za kisiwa cha Java. (Makanga hayumo, jambo ambalo binafsi naliona kama kasoro.)

Modi iliyotuletea mjadala ni ya MechWarrior 5, nayo inaitwa Yet Another Mechlab, kwa kifupi YAML. Binamu yangu alinionyesha likizo iliyopita. Katika mchezo wenyewe, kabla ya modi, unapewa dubwana lako nawe waruhusiwa kubadilisha silaha, kuongeza au kupunguza bamba za chuma za kulikinga, na kutia vipoza joto. Injini huigusi. Ni kama kununua lori na kuambiwa, paka rangi upendavyo lakini boneti haifunguki. Modi hii inafungua boneti. Unaweza kung'oa injini na kutia nyingine, kubadilisha kisawazishi kinacholizuia dubwana lisianguke, kuchagua aina ya mifupa ya chuma, na mengine mengi.

Kazi yake ndani ya tarakilishi si muujiza. Mchezo unapowashwa husoma majedwali yake, kisha husoma ya modi. Kila modi huwa na namba ya zamu. Iliyo na namba kubwa hupakiwa baadaye, na inayokuja baadaye ndiyo yenye neno la mwisho. Wawili wakigombea jedwali moja, wa mwisho kusema ndiye anayesikizwa, sawa na baraza la wazee. Ukikosea zamu hizo, mchezo hukwama au dubwana lako likapotelea kusikojulikana.

Naam, hapo ndipo tulipogonga mwamba. Mchezo huu unataka tarakilishi yenye nguvu nyingi. Ile ya binamu ilivuma kama posho mill, ikapata moto hadi ikatubidi tuinyanyue juu ya vitabu viwili ipate hewa, na stima ilipopotea saa mbili usiku hadithi ikaishia hapo. Nikalala nimenuna. Asubuhi nikakumbuka neno la mezani. Kanuni za kujenga dubwana ni zilezile tangu siku za karatasi na penseli! Modi inachofanya ni kukurudishia hesabu ambazo mchezo wa tarakilishi ulizificha. Tukachukua daftari.

Hizi hapa kanuni za msingi, nawe waweza kuzijaribu ukiwa kitandani bwenini.

Dubwana lina uzito kamili usiopita kiwango ulichochagua, kuanzia tani 20 hadi 100, kwa hatua za tano tano. Uzito huo ni wa kila kitu, na mzigo umo. Mifupa yake huchukua sehemu moja ya kumi. Chumba cha dereva ni tani 3, liwe dubwana dogo au kubwa. Kisha injini. Kila injini ina namba ya nguvu, nayo namba hiyo ukiigawa kwa tani za dubwana unapata hatua ambazo litatembea kwa zamu moja, kwenye ramani yenye vijumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Dubwana la tani 100 lenye injini ya nguvu 300 hutembea hatua 3. Ukitaka hatua 4, tafuta injini ya nguvu 400. Kisawazishi nacho huwa tani moja kwa kila mia ya nguvu ya injini, na baki ikitokea unapandisha juu.

Mpaka hapo ni rahisi. Sasa tazama uzito wa injini zenyewe. Ya nguvu 200 ina tani 8.5. Ya 300 ina tani 19. Ya 400, jamani, ina tani 52.5! Nguvu imeongezeka kwa theluthi moja, uzito umekaribia kuwa mara tatu.

Tulijenga dubwana la tani 100 lenye injini ya 400. Mifupa 10, dereva 3, injini 52.5, kisawazishi 4, jumla 69.5. Kilichobaki kwa bamba, silaha na kila kitu kingine ni tani 30.5. Halafu binamu, kwa mzaha tu, akajenga la tani 55 lenye injini ya 275. Mifupa 5.5, dereva 3, injini 15.5, kisawazishi 3, jumla 27. Limebakiwa na tani 28, nalo latembea hatua 5. Tulitazamana. Lile jitu kubwa, karibu mara mbili ya mwenzake, lilimshinda kwa tani mbili na nusu tu, na bado lilikuwa nyuma kwa mwendo.

Kuna pia suala la joto, ambalo dereva yeyote wa trekta aliyewahi kufungua rejeta inayochemka atalielewa upesi. Kila dubwana huanza na vipoza 10 vya bure, na kila kimoja huondoa kipimo kimoja cha joto kwa zamu. Mzinga mkubwa wa miale huleta vipimo 10 kila unapofyatuliwa. Kutembea kunaongeza 1. Tia mizinga miwili, uifyatue yote huku ukitembea, utapata 21. Vipoza vyaondoa 10, unabaki na 11. Zamu ya pili unafika 22. Ya tatu 33, na kanuni yasema likifika 30 dubwana linajizima lenyewe, bahati au hapana bahati. Litasimama katikati ya uwanja kama mlingoti wa bendera.

Niliporudi shule niliyaleta haya chamani. Mwalimu mlezi alisikiliza, kisha akauliza, "Mbona mizinga tupu? Hilo jitu halina kazi ya maana?" Swali zuri, kwa sababu ndani ya ulimwengu huohuo wa BattleTech mna madubwana ya kilimo pia, ya kulima na kuvuna. Basi msichana mmoja wa Kidato cha Pili akashauri tuondoe silaha na bamba, tupakie mahindi. Huku kwetu gunia moja la mahindi ni kilo 90, kila mtu anajua. Lile la tani 55 lenye hatua 5 likabeba magunia 311. Lile la tani 100 lenye injini ya 400 likabeba 338. Yule msichana akazidisha magunia kwa hatua ili aone ni kazi kiasi gani inayofanyika kwa zamu moja: dogo 1,555, kubwa 1,352. Kubwa limeshindwa! Tulipolirudishia injini ya 300, lenye hatua 3, likabakiwa na tani 65, yaani magunia 722, na kazi yake ikapanda hadi 2,166. Kwa hiyo ubaya haukuwa ukubwa wenyewe. Ubaya ulikuwa kulilazimisha kubwa likimbie.

Sasa nifike kwa mjomba. Ameendesha malori miaka mingi, kutoka maghala ya Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, ambako kuna mizani ya barabarani, na kuendelea. Mwenye lori mmoja, ambaye sitamtaja, alitaka lori lake libebe zaidi. Akalipeleka kwa mafundi wa jua kali wakalichomelea bodi jipya la vyuma vinene na kuta ndefu. Lilipendeza kweli. Mjomba alipakia magunia yaleyale aliyozoea kupakia, hata moja halikuzidi, akafika kwenye mizani, akaambiwa uzito umepita. Bodi jipya lilikuwa limeongeza kama tani moja na nusu. Mwenye lori alisema kosa ni la dereva. Mjomba alikaa nyumbani miezi minne, na kwa muda wote huo hakutaka kulizungumza lile lori. Nyumbani sisi pia tulimdhania. Mimi mwenyewe nilidhani alipakia magunia ya wizi, na leo naandika haya kwa aibu.

Jioni moja nilikuwa nafanya hesabu za dubwana mezani pake. Akauliza ni somo gani. Nikamweleza, nikitarajia kufukuzwa. Nilipofika kwenye injini ya tani 52.5, akanyamaza kidogo.

"Wewe kijana, rudia hapo."

Nikarudia.

"Sasa hilo jitu si ndilo lile lori?" akasema. "Mizani haiulizi chuma ni kipi na mahindi ni yapi. Inajumlisha. Ukiongeza bodi, umetoa mahindi. Tani moja na nusu ni magunia mangapi?"

Nikagawa. "Kumi na sita, mjomba, na baki."

"Kumi na sita," akasema. "Nilimwambia yule mzee tutoe kumi na sita. Akasema namwibia." Kisha akaomba kalamu.

Kabla sijasema alichokichora, nieleze jambo alilouliza kwanza: je, mashine kama hii yaweza kujengwa kweli, itembee barabara ya Kapomboi mwezi wa mvua? Nilijibu kwa yale niliyosoma. Huko Yokohama, Japani, palijengwa Gundam wa urefu wa mita 18 na uzito wa tani 25 hivi, aliyeonyeshwa kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024. Alisogeza mikono na miguu, akapiga magoti, lakini muda wote alishikiliwa kiunoni na mhimili wa chuma. Hakuachwa asimame peke yake akatembea. Karibu nasi zaidi, jijini Kinshasa, mhandisi Thérèse Izay na wenzake walisimamisha mwaka wa 2013 maroboti ya alumini, marefu kupita mtu, ya kuongoza magari. Yalitumia nguvu za jua, yakazungusha kifua na kuinua mikono kama polisi. Mwaka wa 2015 yakaongezwa matatu, Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Nayo yalisimama mahali pamoja, hayakuwa ya kutembea.

Sababu ilielezwa na Galileo katika kitabu chake cha mwaka wa 1638. Chukua mwanasesere, umkuze awe na urefu mara mbili, upana mara mbili na unene mara mbili. Uzito wake unakuwa mara nane, kwa maana mbili mara mbili mara mbili ni nane. Lakini unyayo wake una urefu na upana tu, hivyo eneo lake limeongezeka mara nne. Uzito mara nane juu ya unyayo mara nne: kila sentimita ya udongo inabeba maradufu. Mkuze mara kumi, itabeba mara kumi. Mifupa nayo ni hivyohivyo, na ndiyo maana mguu wa ndovu hauna umbo la mguu wa mbuzi. Tena dubwana linapotembea huinua mguu mmoja, na uzito wote ukaja juu ya mwingine. Wewe uliyewahi kuona trekta, lenye magurudumu manne mapana, likizama hadi kwenye ekseli katika shamba la Kwanza baada ya mvua ya usiku, malizia mwenyewe.

Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo litazama."

"Litazama, mjomba. Lakini hesabu ya juu ya goti bado ni ya kweli."

"Haya, tuseme kuna lami."

Akachora. Sikumsaidia ila kumtajia uzito wa injini. Alianza na la tani 80, injini ya 240, akapata nafasi ya tani 54.5, magunia 605. Akaliangalia, akalikata kwa mstari. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2013, akanikumbusha, inakomea tani 56, na hizo ni za gari lenye ekseli saba. "Hili lako lina ekseli ngapi? Mbili? Basi hata hizo hatutapewa, lakini wacha tuwaombe." Akashuka hadi tani 55. Mwendo akautaka wa pole, hatua 3, injini ya 165 yenye tani 6. Kisawazishi 2. Mifupa 5.5. Dereva 3. Jumla 16.5. Zimebaki 38.5, magunia 427. Binamu yangu na ujanja wake wote alipata 311 kwa dubwana la uzito huohuo, kwa kuwa alitaka mbio.

Nikamwambia kwamba kanuni za mchezo zinaenda kwa tano tano, hivyo asingeweza kuchagua 56 hata angetaka. Mjomba akasema hata kama zingemruhusu angeandika 55 vilevile.

"Kwa nini, mjomba?"

"Tani moja ni ya matope," akasema, akairudisha kalamu mfukoni mwake badala ya kunipa.